XMark: mtihani mzuri wa mashini, lakini haupimi kisu

Leo sileti mada ya mbolea. Naleta mada ya informatike, na mtaona haraka kwamba inatuhusu sisi watu wa agronomia zaidi ya vile tunafikiri.

Kila mmoja wetu aliyefanya ankete kwa simu, na KoboToolbox ao ODK, ameshaandika XML bila kujua. Fomu unayofungua ku simu ni XML. Na kila fomu unayojaza, pale unabonyeza kuhifadhi, simu inaiandika kama faili moja ya XML. Ile Excel unayopakua kiisha ni nakala iliyolazwa chini, iliyotoka ku ule mti. Kwa ankete 200 hakuna shida. Lakini tuseme mradi uko na ankete 200,000, za misimu mingi, za Kabare, Walungu, Kalehe na teritware zingine. Hapo ulizo moja tu linaweza kulala mu mashini mpaka kesho.

Na hapo ndipo utasikia neno la haraka: "Tuongeze mashini." Ndiyo kazi inayoitwa kushughulikia maulizo sambamba. Ulizo moja linagawanywa kwa wafanyakazi wengi (viini vya prosesa moja, ao ordinatere nyingi zilizounganishwa), kila mmoja anatafuta mu kipande chake, kiisha majibu yanakusanywa pahali pamoja. Wazo ni zuri. Lakini neno langu leo ni hili: kwa data ya XML, hesabu ya wafanyakazi haiamui sana. Kinachoamua ni mahali kisu kinapita. Na ili nisiseme hewani, nitachambua kazi moja inayojulikana sana mu uwanja huu, mtihani unaoitwa XMark.

Kwanza, juu ya nini kukata XML ni kazi ngumu

Faili ya kawaida ya mistari, kama CSV, unaikata popote kati ya mistari miwili. Kila mstari unajitosha. XML haiko hivyo. XML ni mti: kipengele ndani ya kipengele ndani ya kipengele. Fungua faili kubwa ya XML katikati, utakuta bei, 40. Bei ya nini? Ya nani? Jibu liko juu, ku matawi ya wazazi, pengine maelfu ya mistari nyuma. Mfanyakazi uliyemtupa katikati ya faili hajui amekaa ku tawi gani.

Sisi tunajua jambo hili kwa mikono. Ukikata mti wa muhogo kwa kupanda, hukati popote. Unaangalia macho. Kila kipande kinapaswa kuwa na macho yake, hapana hivyo hakitaota. Kukata XML ni vilevile: kila kipande kinapaswa kubeba yote kinayohitaji ili kijibu peke yake. Kipande kikikosa kitu, mfanyakazi wake ataanza kuomba kwa wenzake, na muda wote uliotaka kuuokoa utaishia mu barabara.

XMark ni nini

XMark ilitolewa mwaka 2002, ku mkutano wa VLDB, na Albrecht Schmidt, Florian Waas, Martin Kersten, Michael Carey, Ioana Manolescu na Ralph Busse. XML yenyewe ilikuwa na miaka 4 tu tangu ikubaliwe rasmi mu 1998, na kila mtu aliyejenga programu ya kuihifadhi alikuwa anajisifu kwa namna yake. Hakukuwa na kipimo cha pamoja. Hao watu wakaleta vitu viwili: programu inayozaa hati ya XML ya ukubwa unaoutaka, na maulizo 20 ya kuiuliza ile hati.

Hati ni ya soko la mnada. Kuko watu, kuko vitu vinavyouzwa vilivyopangwa kwa mabara, kuko minada iliyo wazi na minada iliyofungwa. Maneno ya maelezo yanachukuliwa mu maneno 17,000 yanayorudi mara nyingi katika michezo ya Shakespeare. Kwa kipimo cha 1, hati iko na megabaiti 100 hivi, watu 25,500, vitu 21,750, minada wazi 12,000 na minada iliyofungwa 9,750. Ukitaka mara 10, unaomba kipimo cha 10.

Sifa zake nazisema bila kubana. Mtu yeyote mu Bukavu ao Berlin anaweza kuzaa hati ileile na kuuliza maulizo yaleyale. Maulizo yamechaguliwa kwa akili: kila moja linapima jambo lake. Kuko ya kutafuta mtu mmoja kwa namba yake, kuko ya kuhesabu, ya kufuata njia ndefu ndani ya mti, ya kuunganisha matawi mawili, na ya kujali nani alitangulia nani. Mwanafunzi akitaka kuelewa maulizo ya XML yanaumiza mashini wapi, ile orodha ya 20 ni shule nzuri.

Lakini mtihani mzuri wa jambo moja haufai kupimia jambo lingine. Mzani wa kupimia gunia la maharagwe haukuambii kama mbegu itaota.

Kosa la kwanza: mti mmoja, na matawi yasiyolingana

Tuchukue vile vitu 21,750. Hati imeshavipanga kwa mabara 6. Mtu mwenye haraka atasema: "Vizuri, tuko na matawi 6, tuweke wafanyakazi 6, kila mmoja bara lake, kazi itaenda mara 6." Tuangalie sasa hesabu yenyewe mu kipimo cha 1. Afrika: 550. Amerika ya Kusini: 1,000. Asia: 2,000. Australia: 2,200. Ulaya: 6,000. Amerika ya Kaskazini: 10,000.

Mfanyakazi wa Afrika atamaliza upesi na kukaa. Yule wa Amerika ya Kaskazini atabeba vitu 10,000, na jibu haliwezi kutoka mbele ya yeye kumaliza. Gawanya 21,750 kwa 10,000: mwendo umeongezeka mara 2 na kidogo tu. Umelipa wafanyakazi 6, umepata kazi ya 2. Na ukiongeza ordinatere zingine 20, kama bado unakata kwa mabara, hutapata hata sekonde moja ya faida.

Hapa XMark imetupa somo kubwa bila kulitangaza. Tawi ambalo macho yanaliona mbele, si lazima liwe ndilo pahali pa kukata. Lakini ule mtihani haumwombi mtu aonyeshe alikata wapi, mfanyakazi gani alichoka na mfanyakazi gani alikaa bure. Unampa mtu nafasi ya kuandika muda wa jibu, basi. Mtu anaweza kuleta namba nzuri, na sisi wasomaji hatutajua kama imetoka ku kisu kizuri ao ku mashini ya bei kali.

Kosa la pili: mashini zinaficha uvivu wa kufikiri

Ulizo la 5 linasema: hesabu minada iliyofungwa ambayo bei yake ilifika 40 ao zaidi. Hii ni rahisi kabisa kugawanya. Kila mfanyakazi anahesabu zake, kiisha unajumlisha. Kila mnada unajitosha, una macho yake.

Ulizo la 8 ni lingine: kwa kila mtu, toa jina lake na hesabu ya vitu alivyonunua. Majina yako ku tawi la watu. Manunuzi yako ku tawi la minada iliyofungwa. Ukikata mti kwa matawi yake makubwa, umetenganisha kabisa vitu ambavyo ulizo linataka kuviona pamoja. Hapo data inaanza kusafiri kati ya mashini, na mtandao ndio unakuwa shefu wa kazi.

Lakini ulizo ninalolipenda zaidi kwa kubishana ni la 11: kwa kila mtu, hesabu minada wazi ambayo bei yake ya kuanzia haizidi asilimia 0.02 ya mapato ya yule mtu. Mtu asiyefikiri atamlinganisha kila mtu na kila mnada. Watu 25,500 mara minada 12,000, ni milinganisho 306,000,000. Mu kipimo cha 10, watu wamekuwa mara 10, minada mara 10, kwa hiyo kazi imekuwa mara 100. Ukija na mashini 10 kwa data iliyokua mara 10, ukifikiri uko sawa, kumbe kila mashini sasa inafanya kazi mara 10 ya ile mashini yako moja ya kwanza.

Sasa fanya hivi. Panga bei zote 12,000 mara moja, kuanzia ndogo mpaka kubwa. Kiisha kwa kila mtu, tafuta mpaka wake kwa kugawa orodha nusu kwa nusu, kama vile unatafuta neno mu kamusi. Kwa orodha ya 12,000, hatua 14 zinatosha. Watu 25,500 mara 14, ni hatua 357,000, pamoja na ile kazi ndogo ya kupanga bei mwanzoni. Kutoka milioni 306 kufika laki tatu na nusu hivi: zaidi ya mara 850 chini. Ordinatere moja ya zamani, yenye mtu aliyefikiri nyuma yake, inaweza kushinda mamia ya mashini zilizopewa ulizo bila kufikiri.

Kwa hiyo, mtu akisema "sistemu yangu kwa mashini 16 iko haraka mara 12 ku ulizo la 11", muulize jambo moja kwanza: haraka kuliko nini? Kama ni kuliko ile milinganisho milioni 306, hajashinda kitu. Huo ni udhaifu wa kila kipimo cha sambamba kinacholinganisha sistemu na ile sistemu yenyewe ya mashini moja. Kadiri mwanzo wako ni mvivu, ndivyo maendeleo yako yataonekana makubwa.

Kosa la tatu: kukusanya majibu pia ni kazi

Kugawanya ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kukusanya. Gene Amdahl alilionyesha hilo mu 1967: kama sehemu moja ya kumi ya kazi lazima ifanywe na mmoja, basi hata ukileta mashini 1,000, hutapita mara 10.

XML inaongeza uzito wake hapa, juu ya mpangilio. Mu XQuery, kama hujasema kinyume, majibu yanapaswa kutoka kwa mpangilio wa hati. Wafanyakazi wanamaliza kila mmoja kwa saa yake, kwa hiyo mtu lazima asimame ku mlango na kupanga mistari. XMark inagusa jambo hili. Ulizo la 4 linatafuta minada ambamo mtu fulani aliweka bei mbele ya mtu mwingine. Ukikata kati ya mnada na mnada, ulizo linabaki salama. Ukikata ndani ya mnada mmoja, bei ya kwanza kwa huyu, bei ya pili kwa yule, hakuna mfanyakazi anayeona jibu. Tunarudi palepale: kisu.

Lakini kuko jambo ambalo kwetu ni mkate wa kila siku, na yale maulizo 20 hayaligusi: wastani. Tuseme mfanyakazi wa kwanza ameona mashamba 10 na wastani wa tani 8 kwa hekta. Wa pili ameona mashamba 90 na wastani wa tani 12. Ukichukua wastani wa wastani, utaandika 10. Jibu la kweli ni 11.6. Kila mfanyakazi anapaswa kutuma vitu viwili, jumla na hesabu, na mgawanyo ufanywe mwishoni. Na kama unataka thamani ya katikati, ile inayogawa mashamba nusu kwa nusu, hapo hata jumla na hesabu hazikusaidii. Sistemu inaweza kufaulu XMark yote na isituambie kitu juu ya makosa ya namna hii.

Tuwe wa haki

Mtu atanijibu: "Unawaonea. XMark haikutengenezwa kwa mashini nyingi." Ni kweli, na ninalisema wazi. Mu 2002 swali lilikuwa kama mashini moja inaweza kushughulikia XML hata kidogo. Makala ya MapReduce ya Jeffrey Dean na Sanjay Ghemawat, iliyofanya watu wengi waanze kufikiri kwa mamia ya mashini za kawaida, ilitoka mu 2004. Tena ile programu ya kuzaa hati ina namna ya kuitoa vipandevipande badala ya faili moja. Lawama yangu haiendi kwa walioandika mtihani. Inaendea desturi ya kuchukua mtihani wa mashini moja, kuukuza mara 10 ao mara 100, na kusema tumepima sambamba. Ukubwa na wingi si kitu kimoja. Mti mmoja mkubwa hauko sawa na msitu.

Na makusanyo mengi ya XML yanayotumika kweli ni misitu. Angalia PubMed, ghala la makala za utabibu na biolojia ambalo hata sisi wa agronomia tunalichimba. Data yake inatolewa kwa XML kila mwaka, lakini haitolewi kama mti mmoja. Imeshakatwa mafaili zaidi ya 1,000, na kila faili iko na rekodi zisizopita 30,000. Wikipedia nayo inatoa kurasa zake kwa XML. Kuko toleo lililobanwa kwa mafungu ya kurasa 100, pamoja na indeksi inayokuambia kila fungu linaanzia wapi, ili mtu afungue fungu moja bila kufungua yote.

Mnaona kitu? Hapo mahali pa kukatia pamewekwa na watoaji wa data, mbele ya ulizo lolote kuulizwa. Hawakungojea algoriti ya ajabu ije kukata kiisha. Mpaka wamewapa macho vipande vyao: rekodi nzima, ukurasa mzima.

Na sisi?

Turudi ku ankete zetu. Tuko na bahati ambayo wenye mti mmoja hawana: kila fomu iliyojazwa ni faili yake, mti mdogo unaojitosha. Ulizo kama "ni nyumba ngapi zimeona mosaiki ku muhogo" linagawanyika bila shida, hata ku ordinatere moja ya viini 4. Kuko programu za bure zinazoweza hiyo kazi. BaseX, iliyoanzia ku Chuo Kikuu cha Konstanz mu Ujerumani, inakaa mu ordinatere ya kawaida na iko na namna ya kutuma sehemu za ulizo moja ku viini mbalimbali kwa wakati mmoja.

Lakini bahati hiyo tunaipoteza wenyewe kwa namna mbili. Ya kwanza: tunalaza mti ku Excel bila kuangalia. Wenye kutumia Kobo wanajua ile safu ya _parent_index. Ukiwa na kundi linalojirudia, kwa mfano mashamba ya mlimaji mmoja, Excel inaweka mashamba ku karatasi yake na nyumba ku karatasi yake, na ile safu ni kamba inayoyaunganisha. Mtu anaifuta kwa kuona ni takataka. Amekata muhogo na ameondoa macho.

Ya pili ni mbaya zaidi. Tunataka kuuliza maulizo yanayopita kutoka fomu moja kwenda nyingine: mlimaji huyu alipanda nini msimu A, akavuna nini msimu B? Mbegu hii ilipita kwa nani mbele ya ugonjwa kuonekana? Haya ni ndugu za ulizo la 8, yanaunganisha matawi. Yanahitaji namba moja ya nyumba, ileile, mu fomu zote, tangu siku ya kwanza. Kama msimu wa kwanza mlimaji ameandikwa kwa jina la ubatizo na msimu wa pili kwa jina la baba yake, hakuna mashini ya Marekani wala ya China itakayowaunganisha kwa uhakika. Namba ile ikiwepo, unagawanya data kwa namba hiyo, fomu zote za nyumba moja zinakaa kwa mfanyakazi mmoja, na ulizo gumu linageuka rahisi.

Kwa nini niandike yote haya? Juu msimu haungoji. Msimu A unaanza Septemba, msimu B Februari. Jibu juu ya mbegu yenye ugonjwa likifika mwezi wa tatu, kwa yule mama aliyekwisha kupanda, si jibu tena, ni habari ya zamani. Na mwanafunzi anayengojea data yake ili amalize memwari, naye anajua bei ya kungojea. Saa yale majibu yanachelewa, tunalalamikia mashini ndogo, umeme na koneksio. Ni kweli vinatusumbua. Lakini mara nyingi chelewa lilishaandikwa ndani ya fomu, siku watu walikaa ku meza kuitunga, na hakuna aliyeuliza: huu mti tutaukatia wapi?

Hukumu yangu ku XMark basi ni hii. Isomeni, hasa maulizo yake 20, ni kazi ya watu wenye akili na imezeeka kwa heshima. Lakini mtu akikuletea namba za XMark kama ushuhuda kwamba sistemu yake itaweza msitu wa data zako, muombe vitu vitatu: alikata wapi, ni data ngapi ilisafiri kati ya wafanyakazi, na mfanyakazi wa mwisho alimaliza muda gani nyuma ya wa kwanza. Akikosa majibu, usinunue kitu.

Na wewe unayetunga fomu wiki hii, weka namba ya nyumba mbele ya kuweka ulizo la kwanza. Haikugharimu hata franga moja, na itakusaidia kuliko mashini 10.